Ng'ombe Ameonekana Mnyuzi

Tuliikuta karatasi chini kabisa ya sanduku la bati la baba, imekunjwa mara nne na kufungwa kwa uzi wa singa za mkonge. Nilipoikunjua ilitoa harufu ambayo mtu aliyekulia kwenye kambi za mkonge haisahau: harufu ya jani lililosagwa likaachwa na maji yake, uchachu kidogo, uchungu kidogo, inayokaa kooni kuliko puani. Nina miaka mingi sijaisikia. Mashangazi walikuwa wanakunja mashati yake ya kugawa siku ya arobaini, mmoja anauliza viatu hivi vitamfaa nani, na mimi nimekaa sakafuni nainusa karatasi kabla sijaisoma.

Ni ukurasa wa gazeti la zamani, ile safu ya nyota ambayo watu huisoma kujua wiki yao itakuwaje. Maneno ya utabiri yamefifia. Imebaki michoro kumi na miwili: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Pembeni ya kila mchoro baba aliandika kwa penseli, kwa ule mwandiko wake wa kulala upande mmoja, mahali nyota hiyo inapokaa. Simba: kwa Mama Anjela. Mashuke: kisimani. Ng'ombe: reli, upande wa Korogwe. Nge: korona. Penye Kaa ameandika: sijamwona. Penye Ndoo vilevile: sijaiona.

Neno "korona" ndilo nililolisoma mara nyingi kuliko mengine. Kwetu korona ilikuwa mashine kubwa ya kusaga mkonge, na jengo lake, na uwanja wake, na hata upande mzima wa mashariki tuliuita hivyo. Nimeishi karibu maisha yangu yote nikiamini, au nikijaribu kuamini, kwamba jioni moja baba alikosea kutambua nyota. Sasa karatasi inaniambia alijua Nge anakaa wapi. Lakini penseli haina tarehe. Huenda aliandika kabla ya jioni ile, huenda aliandika baadaye. Nikaikunja tena, nikaitia kwenye kanga, na sikumwambia mtu.

Baba alikuwa mlinzi wa ghala la katani, Mnyuzi. Babu, baba yake, aliletwa na treni kutoka kusini kuja kukata mkonge, akiwa manamba kama wengine wote wa kambi ile, na hakurudi kwao. Baba alizaliwa kambini akabatizwa Yosefu. Alipomwoa mama, ambaye ni Mzigua wa Kang'ata, huko Handeni, alisilimu akaitwa Yusufu. Watu wa reli waliendelea kumwita Yosefu, watu wa ukweni wakamwita Yusufu, na yeye akaitika kote kote. Hakuwa msemaji. Jambo moja tu lilimfanya ajulikane kambini: hakuweza kusema uongo. Wenzake walimtania kwamba mwizi akija usiku akamwuliza funguo ziko wapi, Yosefu atamwonyesha.

Ukurasa ule ulikuja nyumbani umefungiwa maandazi, siku aliyokwenda Korogwe kutafuta betri za tochi. Maandazi tukala, karatasi akaifuta mafuta kwa unga akaiweka. Alisema gazeti limeeleza tabia za hawa wote, nani mkali, nani ana huruma, nani atapata safari, lakini halikusema wanakaa wapi. Yeye alikuwa anakesha, kwa hiyo ni juu yake kuwatafuta. Hakuwa na wa kumfundisha. Alilinganisha mchoro na mbingu mwenyewe, kama mtu anayemtafuta mgeni stesheni kwa picha.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi, na ndimi niliyekuwa mwanafunzi wake. Alikuwa ananiita mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Jioni akiwa tayari kwenda lindo, giza likiwa ndiyo linaingia, tulisimama mlangoni dakika chache. Alinionyesha kwa rungu. Ng'ombe ndiye aliyekuwa rahisi kuliko wote. Uso wake umekaa kama panda ya manati, jicho lake moja ni jekundu, na mbele yake kidogo kuna lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, Kilimia, ambalo mama alilijua tangu kwao kwa sababu Wazigua hulitazama wakitaka kupanda. Baba alisema Kilimia ni nundu ya Ng'ombe. Mama akiwa jikoni akasema Kilimia ni Kilimia, kilikuwepo kabla ya gazeti.

Nilielewa vibaya tangu mwanzo, na sikujua kwamba nimeelewa vibaya. Baba aliposema Ng'ombe anakaa juu ya reli, niliamini anakaa hapo kama sisi tunavyokaa kambini, na kwamba amefungwa kamba. Simba alikaa juu ya bati la Mama Anjela, jirani yetu, na nilimwonea Anjela wivu kwa hilo. Nilipoona wiki kadhaa zimepita na Simba amesogea hadi katikati ya mbingu, nilifikiri wamegombana naye.

Katika masika ya mwaka ule bibi mzaa mama alikuja kutoka Kang'ata. Mama alikuwa amepoteza mimba, ya pili mfululizo. Watu wazima hawakutuambia hivyo, walisema mama anaumwa tumbo. Usiku nililala upande wa pili wa pazia na nikamsikia bibi akimweleza mama kwamba wamekwenda Handeni kwa mtu wa hesabu, akachukua jina la mama, Zaina, na jina la mama yake, na jina la Yusufu na jina la mama yake, akapiga hesabu. Zaina ni Ng'ombe. Yusufu ni Nge.

"Hawa hawakai mbingu moja, mwanangu," bibi alisema. "Mmoja akitoka, mwenzie anazama. Ndiyo maana watoto hawakai."

Nilimsikia baba, ambaye nilidhani amekwenda lindo, akikohoa nje ya dirisha.

Siku mbili baadaye mama aliondoka na bibi. Alinisuka nywele asubuhi ile, akazikaza mno, akaniambia anakwenda kumwangalia bibi kwa muda, nimsikilize baba na nisimsumbue Mama Anjela. Alichukua kanga zake zote. Hakuchukua kinu wala mchi. Nilikiona kinu kimebaki nikatulia, maana nilijua hawezi kukaa bila kinu chake, hadi Anjela aliponiambia kwamba mwanamke akiachika hachukui kinu, kwao kuna kingine.

Jioni nikamwuliza baba mama atarudi lini. Mzazi mwingine angesema kesho kutwa, au angesema nikiwa na adabu. Baba alichuchumaa akafunga kamba za viatu polepole, akaniambia ukweli kama alivyopewa. Wazee wa Kang'ata wamesema nyota ya mama imezama. Atakaa kwao mpaka itoke tena. Ikitoka, watamwogesha dawa, kisha watakaa kikao waamue kama anarudi Mnyuzi au harudi.

"Itatoka lini?"

"Sijui, mama. Nikiiona nitakuambia."

Tukatazama pamoja juu ya reli. Kweli Ng'ombe alikuwa hayupo. Wiki iliyotangulia nilimwona ameshuka chini kabisa, jicho lake karibu na miti, na sasa palikuwa na wekundu tu wa jua lililozama, halafu giza. Kilimia nacho kimekwenda. Nilijua kwamba mama amekwenda upande huo huo. Handeni iko kushoto zaidi ya pale, leo najua, lakini mtoto hapimi hayo. Jua linazama huko, basi limebeba mama na Ng'ombe wake na kuzama nao huko. Ikawa wazi kwangu kwamba watarudi kwa njia waliyoondokea. Kila jioni nikawa nakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, uso kuelekea reli, nikingoja kichwa cha Ng'ombe kichomoze pale pale kilipotumbukia.

Mvua zilikuwa nyingi. Jioni nyingi hapakuwa na nyota hata moja, na hilo lilinichanganya zaidi, kwa sababu niliwaza huenda ametoka na mimi sikumwona, na kikao kimeshakaa. Anjela aliniuliza nangoja nini. Nikamweleza. Akaniambia kwao mtu hawi na nyota, mtu ana malaika. Nikamwuliza malaika wangu anakaa wapi. Akasema nyuma yangu. Nikageuka, na yeye akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akasema, bila ubaya, kama mtu anayetoa habari, kwamba mama yake ameshamwambia baba yake kwamba mke wa Yosefu ndiyo basi tena.

Nikaanza kumchukia Nge. Nilifikiri ndiye anayemfukuza Ng'ombe, kwa mkia wake ule wa kwenye gazeti. Nge wa kweli walikuwa wengi kwetu, chini ya mabaki ya mkonge yaliyomwagwa nyuma ya nyumba. Nilichukua kandambili nikafunua mabaki yale, nikaua watatu kwa siku mbili. Siku ya tatu baba alishikwa na homa. Akalala kitandani anatetemeka, blanketi mbili na koti la lindo juu yake, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Nge ni nyota ya baba. Siwezi kueleza hofu niliyoipata. Mama nimeshindwa kumrudisha, na baba namuua kwa kandambili. Nilipiga magoti kama nilivyomwona Anjela anavyosali, kisha nikasoma Alhamdu, nikaahidi pande zote mbili kwamba sitagusa nge tena. Mama Anjela alimletea baba vidonge, na uji wa ndimu, na baada ya siku nne akaamka. Sijui hadi leo ni kipi kati ya hivyo kilichosikilizwa.

Alipoamka alikuwa amepungua. Suruali ya lindo aliifunga kwa kamba ya katani. Hakula vizuri, na mara nyingi nilimkuta amekaa mlangoni mchana, saa ambayo alitakiwa kulala, anaangalia kile kinu. Kuna mtu wa Kang'ata alipita kuelekea Muheza akaleta salamu, nikamsikia anamwambia baba kwamba wazee wanasubiri Kilimia tu, na kwamba Salehe, kaka yake mama, ameshasema wazi dada yake haendi tena kwenye mkonge. Baba alimshukuru kwa salamu.

Mvua zikakatika. Jioni ya kwanza ya mbingu safi nilikaa kwenye kinu changu nikatazama reli mpaka shingo ikauma. Hakuna kitu. Nilipogeuka kuingia ndani nikaiona, upande wa pili kabisa, juu ya bati la korona. Nyota nyekundu. Kubwa, imetulia, nyekundu kama kaa la moto linapoanza kufunikwa na majivu. Sikuwahi kuiona pale. Jicho jekundu nililolijua lilikuwa moja tu.

Hapa nataka kusema sawasawa, kwa sababu kwa miaka mingi nimejisimulia vizuri kuliko ilivyokuwa. Sikukosea. Nilikosea kwa muda wa pumzi mbili tu. Kisha nilitafuta panda ya manati, haikuwepo. Nilitafuta Kilimia mbele yake, hakikuwepo. Badala yake kulikuwa na nyota mbili ndogo, moja huku na moja huku, na nyingine zilizojipinda kuelekea chini kwenye giza la korona. Nilijua huyu si Ng'ombe. Sikujua ni nani, lakini nilijua si yeye. Baba akatoka na rungu na tochi yake, nikasema:

"Baba, Ng'ombe amerudi."

"Wapi?"

"Pale. Juu ya korona. Jicho lake lile."

Akatazama. Vyura walikuwa wanalia kwenye madimbwi, na Mama Anjela alikuwa anatwanga. Nilimtazama yeye badala ya nyota. Alitazama muda mrefu sana, mtu ambaye alikesha chini ya mbingu ile kila siku ya maisha yake. Akageuka akatazama reli, akarudi kutazama korona.

"Umemwona wewe mwenyewe?"

"Nimemwona."

Akaweka rungu chini ukutani. "Basi ni yeye, mama," akasema.

Usiku ule alikwenda lindo kama kawaida. Alfajiri alirudi akavaa shati lake la sikukuu ya Idi, akanipeleka kwa Mama Anjela, akapanda lori la katani kwenda Korogwe, ili apate basi la Handeni. Nililala kwa Mama Anjela siku tatu, chini ya Simba wao. Niliamini baba amekwenda kwa sababu ya uongo wangu, na wazee wa Kang'ata watatazama juu, wataona hakuna Ng'ombe, na watamfukuza. Halafu mama hatarudi kabisa, na kosa litakuwa langu. Nilitaka kumwambia Mama Anjela nikashindwa. Siku ya nne jioni niliwaona wanakuja kando ya reli, baba mbele amebeba mzigo kichwani kama mwanamke, mama nyuma yake ameshika viatu mkononi kwa sababu ya tope. Nilimwamkia mama, shikamoo, kama mgeni. Aliitikia, akanishika kichwa, akasema nywele zangu aibu.

Mama alikigeuza kinu, akakiosha, akatwanga.

Zilipita kama wiki mbili. Asubuhi moja, bado giza, mama aliniamsha twende kisimani kabla ya foleni. Tulipotoka akasimama na ndoo yake, akaelekeza kidole upande wa milima ya Usambara, kule jua linakotokea. Kulikuwa na Kilimia, kidogo, kama vumbi. Chini yake panda ya manati imelala kiubavu, na jicho jekundu ndiyo linatoka kwenye mgongo wa mlima.

"Huyo hapo," mama alisema. "Amerudi."

Nilichanganyikiwa kabisa. Alizama juu ya reli, jioni. Anatokaje mlimani, alfajiri, upande ambao hakuwahi kwenda? Nikamwambia mama kwamba Ng'ombe alisharudi zamani, tulimwona mimi na baba, juu ya korona. Baba alikuwa ndiyo anafika kutoka lindo. Alisikia. Mama alimtazama, na yeye akainama akaanza kufungua kamba za viatu, akiwa bado nje, juu ya umande.

"Basi wako wawili," mama akasema, akachukua ndoo tukaenda.

Kuuliza kwangu kuliishia hapo. Nilikua, nikamaliza darasa la saba, nikaolewa Handeni, nikazaa. Mama alipoteza mimba nyingine moja baada ya pale, kisha akazaliwa mdogo wangu Hamisi, akakaa. Wazazi wangu waligombana mara nyingi, kuhusu chakula, kuhusu Hamisi, kuhusu baba kunyamaza. Sisemi kwamba nyota zilipatana. Binti yangu, ambaye amesoma kuliko mimi, aliwahi kunieleza kwa machungwa mezani kwamba wale kumi na wawili wamekaa wote kwenye njia moja, ile ile ya jua, wamezunguka kama watu kwenye ngoma. Jua likifika kwa mmoja, huyo haonekani, si kwamba amezama wala amepotea, jua limesimama mbele yake tu. Na Nge na Ng'ombe wameketi wakitazamana, ndiyo maana hawakutani. Nilielewa nusu. Nikamwuliza kama kuna mahali popote duniani ambapo mtu anaweza kuwaona wote wawili pamoja. Akasema labda kwa muda mfupi, mmoja akiwa anaingia na mwingine anatoka, chini kabisa, kama hakuna miti. Mnyuzi kulikuwa na miti.

Kitu ambacho sikuweza kukiweka mahali ni baba. Kama alikosea, basi alikwenda Kang'ata kwa haki, mtu mkweli aliyeona vibaya, baada ya homa. Kama alijua, basi alidanganya, na yeye hakuwa mtu huyo. Nilikuwa nakwenda huku na huku kati ya hayo mawili. Nilipanga mara nyingi kumwuliza. Nikija kumtembelea namkuta amekaa, tunaongea habari za mvua, naondoka. Sasa amezikwa na karatasi iko kwenye kanga yangu.

Jana mchana, mkesha wa arobaini, mimi na mama tulikuwa tunachambua mchele wa kesho. Mama ana mtoto wa jicho pande zote mbili, anachambua kwa vidole, na vidole vyake vinaona mawe kuliko macho yangu. Nikamwambia nimekuta karatasi. Nikamsomea. Kwa Mama Anjela, kisimani, reli, korona. Nilipofika penye Kaa, sijamwona, akatabasamu.

"Alikuwa hivyo," alisema. "Angeweza kuandika popote tu. Nani angemwuliza?"

Ndipo nikamwuliza baba alisema nini alipofika Kang'ata. Mama aliendelea kuchambua. Akaniambia alifika jioni, suruali imejaa udongo mpaka magotini, akawaamkia wazee, akapewa kigoda. Mjomba Salehe akamwuliza habari za Mnyuzi. Akasema nzuri, nimemfuata mke wangu, Ng'ombe ameonekana.

Salehe alikuwa na maneno. "Kaonekana wapi, shemeji? Sisi tunaolima kwa Kilimia hatujamwona."

"Ameonekana Mnyuzi."

Watu wakacheka barazani. Salehe akasema kumbe Mnyuzi wana mbingu yao, mtu wa mkonge hakosi maajabu. Baba akangoja wanyamaze, akasema mtoto amemwona.

"Mtoto sikumwuliza," Salehe akasema. "Wewe, Yusufu. Umemwona?"

Mama aliacha kuchambua. Alisema alikuwa nyuma ya mlango ameshika ungo, na moyoni akasema basi, sasa atajibu hajamwona, maana namjua, na nikija kuolewa tena naolewa na yule mwenye ng'ombe wa Kideleko wanayemtaka wazee. Baba akainama akaanza kukaza kamba za viatu, mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Akasema, 'Nimemwona.' Sauti imekauka, kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. Nikaweka ungo chini, nikaenda kufunga nguo zangu. Bibi yako akanifuata akaniambia nyota hii itaniua. Nikamwambia basi nitafia Mnyuzi."

"Kwa hiyo ulijua anadanganya."

"Nilijua. Kila mtu alijua." Vidole vyake vilipata kijiwe, akakitupa. "Kama asingedanganya, ningerudi kwa nini?"

Nilitaka nimwambie kwamba uongo ule ulianza kwangu, kwamba baba aliuchukua kutoka mkononi mwangu akaubeba hadi Kang'ata kwa lori na basi na miguu. Nikamwambia. Akasema anajua, baba alimwambia njiani siku ile ile wanarudi, hawajafika hata Korogwe. Hakuweza kukaa na uongo ule zaidi ya hapo.

Jioni nikamtoa nje apunge hewa, nikamwekea kiti. Wapishi walikuwa wanapanga kuni upande wa nyuma. Giza likaingia. Korona haipo tena, yamebaki magofu na vichaka, lakini upande ule bado tunauita hivyo. Mama aliinua uso kuelekea huko, macho yake meupe kidogo.

"Kuna kitu naona chekundu," alisema, "au ni moto wa watu?"

"Ni nyota."

"Ng'ombe amerudi?"

Niliitazama. Imetulia, na nyota mbili ndogo, moja huku na moja huku, na mkia umejipinda kwenda chini kwenye magofu. Ningeweza kusema ndiyo. Asingeona tofauti.

"Bado, mama," nikasema. "Huyu ni Nge."

Aliendelea kuitazama, au kutazama pale alipodhani ipo.

"Basi tukae naye kidogo," akasema.